Tuzo ya Taifa ya Filamu: maana yake, na jinsi India ilivyoianza mwaka 1954

Tuzo ya taifa ya filamu ni ile inayotolewa na dola. Serikali huunda kamati ya majaji, kamati hutazama filamu na kuamua, na kwa kawaida mkuu wa nchi ndiye anayekabidhi. Tuzo za majarida, vyama vya watayarishaji au kura za watazamaji ni kitu kingine, hata zikiwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Tofauti hiyo ilionekana wazi India mwaka 1954, kwa sababu tuzo za serikali na tuzo za jarida moja la sinema zilianza mwaka huohuo. Mwezi Machi, jarida la Filmfare lilitoa tuzo zake za kwanza mjini Bombay. Filamu bora ikawa Do Bigha Zamin ya Bimal Roy, kisa cha mkulima anayekwenda Calcutta kuvuta riksho ili aokoe kishamba chake kisichukuliwe. Tarehe 10 Oktoba, Rais Rajendra Prasad akatoa tuzo za serikali kwa filamu za mwaka 1953. Safari hii Do Bigha Zamin iliambulia hati ya sifa. Medali ya Dhahabu ya Rais ilikwenda kwa Shyamchi Aai, filamu ya Kimarathi ya P. K. Atre.

Hilo linaweza kushangaza, kwani Kihindi ndicho kilichokuwa na soko kubwa. Shyamchi Aai imetoka kwenye kitabu cha Sane Guruji kuhusu mama maskini wa Konkan, pwani ya magharibi ya India, na mwanawe. Mna kisa ndani ya kitabu hicho: mtoto ametoka kuoga, hataki nyayo zake zishike vumbi, basi anamwomba mama atandike ncha ya sari akanyage hapo. Mama anatandika, kisha anamwambia kwamba kama anavyojali miguu isichafuke, ajali na moyo usichafuke. Mambo ya namna hiyo ndiyo serikali iliyokuwa ikiyatafuta. Kamati ya uchunguzi wa filamu iliyoongozwa na S. K. Patil, iliyowasilisha ripoti yake mwaka 1951, ilitaka dola iinue filamu zenye ubora wa sanaa na ufundi, na zenye manufaa ya elimu na utamaduni. Mapato ya mlangoni hayakuwa kipimo.

Mwanzoni ziliitwa Tuzo za Dola, kwa Kiingereza State Awards, na neno state huweza pia kumaanisha jimbo. Msomaji asichanganye dola na jimbo: zilikuwa za nchi nzima. Filamu za hadithi zilishindanishwa peke yake, na filamu za makala peke yake. Katika makala, Medali ya Dhahabu ya mwaka huo ilichukuliwa na Mahabaleshwar. Uchujaji ulianzia kwenye kamati za kanda, Bombay, Calcutta na Madras, ndipo kamati kuu ikaamua. Chini ya medali zilikuwepo hati za sifa. Mwaka uliofuata zikaongezwa Medali za Fedha kwa filamu bora ya kila lugha: Kitamil, Kimalayalam, Kibengali na nyinginezo. Kwangu hilo ndilo jambo jema kuliko yote waliyoyafanya, kwa sababu filamu ya lugha ndogo haikulazimika tena kuishinda Bombay nzima, makao ya filamu za Kihindi, ndipo itambuliwe.

Makosa mengi ya waandishi yanatokana na mwaka. Tuzo za kwanza ni za filamu za 1953, lakini zimetolewa 1954. Ukiandika "mshindi wa 1954" bila kufafanua, msomaji atakuelewa vibaya, maana mshindi kati ya filamu za 1954 ni Mirza Ghalib. Kosa la pili ni kusema tu kwamba filamu "ilipata tuzo ya taifa". Ipi? Medali ya Dhahabu ni bora ya nchi nzima, ya Fedha ni bora ya lugha yake, na hati ni daraja jingine. Majina ya Yungiyungi la Dhahabu na la Fedha, ambayo tuzo hizi zilipewa baadaye, ni ya miaka ya 1970, kwa hiyo usiyabandike kwenye sherehe za 1954.

La tatu ndilo linalowapata hasa wapenzi wa sinema za Kihindi hapa Pwani. Mother India ya 1957 ilitazamwa sana Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na watu hudhani Nargis, mwigizaji wake mkuu, alipewa tuzo ya taifa kwa kazi ile. Filamu ndiyo iliyopata hati ya sifa. Yeye alipata tuzo ya Filmfare, kwa kuwa upande wa serikali hapakuwa na tuzo ya mwigizaji hata mmoja: ilituzwa filamu, na heshima ikaenda kwa mtayarishaji na mwongozaji. Vipengele vya waigizaji viliingia na filamu za mwaka 1967. Wa kwanza kwa wanaume akawa Uttam Kumar, na kwa wanawake akawa Nargis mwenyewe, kwa filamu ya Raat Aur Din.