Shule Kimya Si Shule Yenye Amani

Kila mkutano wa wazazi lazima mmoja asimame aseme: "Mwalimu, hapa kwetu kuna amani, hatujawahi kuona mgomo. Hayo masomo ya amani ni ya nini?" Juzi nimeulizwa tena, na aliyeuliza akapigiwa makofi. Basi nijibu kwa maandishi.

Dhana: Wanafunzi wakitulia, amani ipo.

Nimekaa ofisi ya ushauri nasaha katika shule ya bweni miaka mingi, na kimya ndicho kinachoninyima usingizi. Mtoto wa kidato cha kwanza anayefulishwa soksi za wakubwa hapigi kelele. Huenda kwa muuguzi Jumapili jioni akilalamikia tumbo, akapewa dawa ya minyoo, akarudishwa bwenini. Wiki ijayo tumbo lile lile. Alama zikishuka, nyumbani anaitwa mvivu.

Elimu ya amani si mahubiri ya "pendaneni" wala wimbo wa gwaride. Ni mazoezi: kutaja kinachokuuma bila kutukana, kumsikiliza mwenzako hadi amalize, kusuluhisha ugomvi wa ndoo kabla haujawa wa makabila. Mtoto akijua kuna mahali atasikilizwa na hatalipiziwa kisasi, hulala, akilala, husoma. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea bwenini katika shule ya Kyanguli, Machakos, hapa Kenya, kwa moto uliowashwa makusudi. Sidai somo moja lingeuzuia. Ila moto wa bweni hauanzi siku petroli inaponunuliwa.

Dhana: Hayo ni ya wakimbizi na ya mwaka wa uchaguzi.

Kweli, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliyaanzisha katika kambi za Dadaab na Kakuma mwishoni mwa miaka ya 1990, na Wizara ya Elimu ikaamka baada ya ghasia za uchaguzi za 2007–2008. Lakini sera ya elimu ya amani ya 2014 ni ya sekta nzima, na amani imo katika maadili ya mtaala wa umilisi. Mtoto hasubiri kura ndipo aonewe.

Dhana: Kiboko ndicho huleta amani.

Kilipigwa marufuku shuleni 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Anayechapwa leo hungoja tu cheo cha kiranja, naye achape wengine.

Dhana: Klabu ya amani humponya kila mtoto.

La! Mtoto asiyelala, asiyekula, anayesema hataki kuishi, haketishwi kwenye duara azungumze na wenzake. Hapelekwi klabu, hupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, tena akisindikizwa. Walimu wenzangu, hapo mnanichosha kuliko wazazi.

Nanyi wazazi, siku ya kutembelea watoto msianze na alama. Muulize anakula na nani. Akinyamaza, au akitaja jina moja kisha akageuza mazungumzo, pita ofisini kwangu kabla hujaondoka.