Je, wajua kwa nini samaki hai ni mlo mbaya kwa samaki wa tangini?

Oska, kwa jina la kisayansi Astronotus ocellatus, ni samaki wa bonde la Amazoni anayefikia sentimita 30 na mwenye mdomo mpana usiojua kushiba. Wengi wakishampata humnunulia visamaki vya dhahabu vya bei ya chini na kuvimwaga tangini vikiwa hai. Hoja yao ni kwamba huko porini si anakula samaki? Ndiyo, anakula. Ila mtoni hula pia wadudu, kamba na konokono, na visamaki anavyovikamata ni vya aina nyingi. Tangini anapewa aina moja tu, wiki baada ya wiki, na aina yenyewe ni miongoni mwa zile zisizofaa kabisa.

Ubaya wa kwanza hauonekani kwa macho. Samaki wa dhahabu na jamaa zake wa ukoo wa kapu (carp) wana kimeng'enya kiitwacho thiaminezi, ambacho huvunja thiamini, yaani vitamini B1. Kikishaingia tumboni hakiishii kwenye thiamini ya kile kisamaki kilicholiwa. Huharibu na ile iliyomo katika chakula kingine. Madhara ya kula samaki wabichi wa namna hiyo yalijulikana kupitia mbweha: mwaka 1932, katika shamba la kufugia mbweha huko Minnesota, Marekani, wanyama waliolishwa samaki wabichi walianza kupooza na kufa. Kwa samaki mlaji, dalili huchelewa. Hupoteza hamu ya kula, huogelea akiyumba, hushtuka ovyo na kugonga kioo, mwili hukakamaa, kisha hufa. Mwenye tangi hupima maji, akayakuta safi, asijue alikokosea.

Friza haisaidii hapa. Baridi hupunguza tu kasi ya kimeng'enya hicho, haikiui. Samaki wabichi wakikaa humo miezi mingi thiamini yao inazidi kupungua. Kinachokiua ni moto. Kwa hiyo tahadhari na dagaa pia: wale wa Ziwa Victoria, omena kwa Wakenya, wako upande wa kapu, na wale wa Ziwa Tanganyika ni jamaa wa heringi, kundi jingine lenye aina nyingi za samaki wenye thiaminezi. Ukitaka kuwatumia, waloweke nusu saa, uwaoshe mpaka mchanga uishe, kisha uwachemshe dakika 10 na kumwaga maji yake. Mara moja kwa wiki inatosha. Waliotiwa chumvi wabaki kwenye chungu chako.

Ubaya wa pili ni magonjwa. Visamaki vya kulishia hufugwa kwa kusongamana, mamia kwenye tangi moja, na havipewi chakula cha maana kwa kuwa vinahesabiwa kuwa vya kufa. Unaponunua kisamaki chenye tumbo tupu, unanunua miiba, magamba na vimelea. Ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na Ichthyophthirius, huingia hivyo. Minyoo myekundu ya Camallanus, inayochungulia kwenye tundu la haja la samaki, nayo pia. Kuvitenga wiki tatu au nne kwenye tangi la pembeni huku ukivilisha vizuri hupunguza hatari hii, lakini thiaminezi inabaki palepale, na kwa gharama hiyo ungekuwa umeshanunua kilo ya kamba.

Mtu akishasikia hayo hukimbilia moyo wa ng'ombe. Sikushauri uufanye mlo wa kila siku. Mafuta ya ng'ombe huganda kwenye joto la nyuzi 26, joto la kawaida la tangi, na mwili wa samaki hauna joto lake la kuyayeyusha.

Na si kila samaki anataka nyama. Tropheus wa Ziwa Tanganyika, anayesafirishwa kwenda matangi ya Ulaya na Marekani, hushinda akikwangua mwani kwenye miamba. Mbuna wengi wa Ziwa Nyasa ni hivyohivyo. Utumbo wao ni mrefu, umeumbwa kwa majani yasiyo na nguvu nyingi. Ukiwajaza nyama, chakula hukaa mno tumboni na tumbo huvimba. Kinyesi huwa cheupe na chembamba, na mara nyingi kufikia hapo umeshachelewa. Hao wape punje za chakula cha samaki zenye spirulina, mwani wa jenasi ileile inayoliwa na heroe wa Bogoria na Natron, pamoja na mchicha uliochemshwa dakika mbili na njegere zilizomenywa ganda.

Kwa walaji nyama, chakula cha kutengeneza nyumbani hakina ugumu. Chukua gramu 200 za mnofu wa samaki mweupe wa baharini, changu kwa mfano, gramu 100 za kamba waliomenywa, na gramu 50 za njegere. Chemsha vyote kidogo, uchuje, usage. Usitie chumvi, kitunguu wala mafuta. Pembeni, koroga gramu 5 za unga wa agar-agar, kigandishi kitokanacho na mwani, katika mililita 200 za maji na uache uchemke kweli kweli dakika mbili. Ukiutoa mapema hauyeyuki wote na mchanganyiko utamomonyoka majini. Mimina ndani ya rojo likiwa bado la moto. Rojo baridi hugandisha agar-agar papo hapo na kukuachia mabonge. Likipoa hadi vuguvugu, tia vitamini za samaki, kwa sababu moto huziharibu, na fanya haraka: agar-agar huanza kuganda kwenye nyuzi 40 hivi. Tandaza ndani ya mfuko wa plastiki, unene wa nusu sentimita, ugandishe kwenye friza, uwe unavunja kipande kila unapolisha. Tumia ndani ya miezi miwili. Jelatini pia hufaa, ila huyeyuka karibu na nyuzi 35, na kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam hulegea mapema.

Dukani, soma kiambato cha kwanza kwenye kopo: kwa mlaji nyama kiwe samaki au kamba, si ngano, na protini iwe asilimia 40 au zaidi. Epuka chakula kilichopimwa upya kwenye mifuko myepesi. Samaki wengi hawawezi kujitengenezea vitamini C, na vitamini hiyo hupotea upesi chakula kikipigwa na hewa na joto. Nunua kopo dogo litakaloisha kwa miezi mitatu.

Kazi kubwa ni kumwachisha aliyekwisha kuzoea mawindo hai. Oska mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki nzima bila kula, kwa hiyo huruma isikuharakishe. Mnyime chakula siku nne. Siku ya tano funga kipande cha nyama ya kamba kwenye uzi mweupe wa pamba na ukitikise mbele ya pampu, kwani kinachomwita ni mwendo kuliko harufu. Asipokigusa kwa dakika 10, kitoe, maana kikioza humo hutoa amonia, kisha ujaribu kesho. Akishakizoea, acha kutumia uzi. Baadaye changanya na punje zilizolowekwa kwenye maji ya kamba, ukiongeza punje na kupunguza kamba kwa wiki mbili au tatu. Wengi hushindwa kwa sababu siku ya tatu ya mgomo hurudisha visamaki, na samaki hujifunza kwamba kugoma kunalipa.

Ukitaka kumwonyesha bado kitu kinachochezacheza, hasa kwa vifaranga, angua Artemia, vijidudu wa jamii ya kamba: kijiko kidogo cha mayai, lita moja ya maji yenye gramu 25 za chumvi isiyo na madini joto, pampu ya hewa, nyuzi 26 hadi 28, saa 24. Zima hewa, weka taa upande mmoja. Waliohai hukimbilia mwanga, maganda huelea juu. Wachuje kwa kitambaa, wasuuze kwa maji baridi, uwalishe siku hiyohiyo kabla hawajamaliza kiini walichozaliwa nacho. Wamekulia kwenye maji ya chumvi, hivyo hawaji na vimelea vya maji baridi.