Msumeno mdogo wa mkanda na mataruma ya mashua

Watu wanaotaka kujiundia kidau nyumbani huniuliza kama ule msumeno wa mkanda wa inchi 9, wa bei nafuu, unaokaa juu ya meza, unafaa. Unafaa, mradi uujue kazi yake.

Mbao ndefu za ubavuni usiupe. Ubao wa mita 4 hautulii juu ya kimeza kile, na mijini kuna karakana zinazopasua na kupiga randa kwa malipo. Upeleke huko. Msumeno wako ubaki na vitu vilivyopinda, hasa mataruma, yaani mbavu za mashua.

Wauzaji husifia nguvu ya mota. Mimi hutazama kwanza nafasi kati ya mkanda wenye meno na nguzo ya mashine, ambayo kwenye mashine hizi ni kama sentimita 22. Wengi wakiiona hukata tamaa, lakini taruma lenyewe si lazima lipite hapo. Panga kazi ili pande la kutupwa ndilo lielekee nguzo, taruma libaki nje. Ikibidi kukigeuza kipande utahitaji mstari wa kufuata, kwa hiyo chora pande zote mbili. Penye mshazari, yaani ukingo unaokatwa kwa kulala, mstari wa juu na wa chini haulingani.

Mshazari ndio unaoipima mashine kwelikweli. Taruma la katikati ya chombo hukatwa karibu wima, lakini kadiri unavyokaribia omo (mbele) au tezi (nyuma), ukingo wake lazima ulale ili ubao uukalie sawasawa, na pembe hiyo hubadilika ndani ya taruma lilelile. Karakana kubwa za mashua zina misumeno inayoinama huku inakata. Wako una meza inayokazwa kwa skrubu, basi funga pembe iliyo ndogo kuliko zote, fuata mstari wa upande ulio mpana, na kilichobaki ukimalize kwa randa ya mkono.

Ndiyo maana dukani nainamisha meza nyuzi 10, naikaza, kisha naikandamiza ukingoni kwa kiganja. Ikisogea hata kidogo, siinunui. Halafu, umeme ukiwa umechomolewa, nazungusha gurudumu kwa mkono na kutazama kama mkanda unacheza mbele na nyuma.

Mkanda unaokuja na mashine mara nyingi una meno madogo mno. Kwenye mti wa inchi 2 hujaa vumbi, hupata moto na kuacha mstari. Tafuta wa meno 4 hadi 6 kwa inchi, upana wa milimita 10. Mvule nao huwa na vijiwe ndani vinavyoua meno, na vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo barakoa ni lazima.

Mtumba wa kutoka Marekani ni wa volti 120 na hezi 60. Hata ukiweka transfoma, mota ya indaksheni, ambayo mwendo wake hufuata hezi za umeme, itazunguka polepole kwenye umeme wetu wa hezi 50.

Lakini kama unaunda kwa njia ya mafundi wa pwani, kwa mataruma ya matawi yaliyojipinda yenyewe, msumeno huu usinunue. Mti wa mviringo hubiringika juu ya meza, mkanda huunasa, na vidole viko karibu. Tawi la namna hiyo ni la tezo, kishoka cha kuchongea.