Eti mgodi ukifungwa ndo yameisha? Tunayodanganywa kuhusu uchimbaji kwenye ardhi za jamii za asili

"Pale hakuna watu, ni pori tu." Hii naisikia sana na inaniuma. Mtu anaangalia ramani, haoni paa wala barabara, anasema patupu, kumbe hapo ndo kuna makaburi ya wazee, dawa, sehemu za matambiko. Mei 2020 kule Juukan Gorge, Australia Magharibi, kampuni inayochimba chuma ililipua mapango yenye dalili za watu kuishi humo tangu miaka 46,000 iliyopita, urithi wa Wapuutu Kunti Kurrama na Pinikura, na kibali cha serikali kilikuwepo toka 2013. Kwahiyo hata ile ya "wana kibali, basi wenyeji walikubali" sio kweli. Kibali anatoa serikali, ridhaa wanatoa wenyeji, na Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 la haki za jamii za asili linataka ridhaa iwe huru, itangulie mradi, na watu wawe wameelezwa kila kitu. Kusaini karatasi ya mahudhurio mkutanoni sio ridhaa jamani.

Halafu ile ya mgodi ukifungwa yameisha, hii ndo mbaya kuliko zote. Kwenye ardhi ya Wanavajo, Marekani, urani ilichimbwa toka 1944 mpaka 1986, zikatoka karibu tani milioni 30 za mawe, na migodi zaidi ya 500 ikaachwa hivyo hivyo. Baba alikuwa anarudi na nguo zake za shimoni zimejaa vumbi, mama anazifua nyumbani, na mawe ya mgodini watu walibeba wakajengea nyumba, kuta na sakafu, maana hakuna aliyewaambia yana mionzi, watoto wakalala humo. Visima navyo baadhi vikaingia sumu. Mwaka 2005 Wanavajo wakapiga marufuku uchimbaji wa urani kwao, sasa mtu akisema wanapinga maendeleo namshangaa, hawa wameshazika watu.

"Wachimbaji wadogo hawana madhara" nayo hapana. Kwa Wayanomami wa Brazili zebaki ya kusafishia dhahabu inaingia mtoni, samaki wanaila, watu wanakula samaki.

Na usidhani nishati safi, ile ya jua, upepo na betri, imeziepusha jamii hizi. Utafiti wa 2022 ulipitia miradi 5,097 ya madini yanayohitajika kwa nishati hiyo, litiamu, kobalti na mengine, zaidi ya nusu ikakutwa ndani ya ardhi za jamii za asili au jirani nazo.