Je, wajua? Mbona simba wa kwenye filamu hamli mtoto?

Kila likizo ya Desemba ikifika, watoto wa Mombasa wakirundikana mbele ya televisheni, filamu ya aina hii haikosekani: mtoto mpweke anamwokota mnyama wa mwituni, wanapendana, watu wazima wanataka kumuuza au kumpiga risasi, mtoto anatoroka naye. Katikati ya hayo, simba mzima analaza kichwa mapajani mwa mtoto. Hapo ndipo swali hutoka, na mara nyingi anayeliuliza ni yule mdogo kabisa chumbani, maana wakubwa wanaona haya: mbona hamli?

Jibu la kwanza ni kwamba mara nyingi hamli kwa sababu hawapo pamoja.

Hila kongwe ni ya kugawa picha. Kamera inasimamishwa kwenye miguu yake isitikisike hata kidogo. Mtoto anaigiza upande wa kushoto, peke yake, akizungumza na hewa. Akimaliza anaondolewa. Simba analetwa upande wa kulia, anakula nyama yake, naye anarudishwa kwake. Kisha nusu mbili zinaunganishwa, na wewe unaona mtoto na simba wamekaa hatua tatu kutoka kwa kila mmoja. La kuwaumbua ni kivuli tu, kama jua lilikuwa limeshasogea.

Hila ya pili ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa kuwa haidanganyi jicho, inadanganya moyo. Miaka mia moja na ushei iliyopita, mtengeneza filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso mkavu usioonyesha lolote. Akaupachika karibu na sahani ya supu, kisha karibu na jeneza, kisha karibu na mwanamke. Watazamaji wakamsifu mwigizaji: hapa ana njaa, hapa ana majonzi, hapa anatamani. Uso ulikuwa uleule mmoja.

Sasa mtoe mwigizaji, umtie simba. Mtoto analia. Picha inakatwa, tunaona macho ya simba, makubwa, yametulia tuli. Sebule nzima inasema, "Maskini, anamhurumia." Kumbe macho yale yanamfuata mkufunzi aliyesimama kando ya kamera na kipande cha nyama, na machozi yenyewe huenda yalipigwa picha siku nyingine kabisa, simba akiwa amelala bandani. Huruma tumeileta sisi wenyewe.

Nyama hiyo ndiyo mshahara. Mnyama hafundishwi kuigiza. Anafundishwa kwenda mpaka alama fulani, kusimama, kugeuka, kulala, na kila akipatia analipwa papo hapo. Aliyewahi kufika Haller Park, bustani ya wanyama pale Bamburi, anaijua biashara hii hata kama hakuipa jina. Mtoto anakunjua kiganja chenye punje za chakula, twiga anaishusha shingo yote ile, ulimi mrefu wenye weusi unazoa punje zote na kuacha mate mpaka kwenye kifundo cha mkono. Jioni mtoto atasimulia nyumbani kwamba twiga alimpenda. Alimpenda, ndiyo, mpaka punje zilipoisha. Tumbili wanaozunguka mitaa ya Nyali nao walipata mafunzo yaleyale bila mkufunzi. Walianza kwa kutupiwa ndizi na mkate, na leo aliyezoea kupewa haombi tena, anaunyakua mfuko mkononi mwako na kupanda nao ukutani.

Ziko filamu chache, hata hivyo, ambazo mtoto na simba walikuwa pamoja kweli. Iliyonishangaza mimi ni Mia and the White Lion ya mwaka 2018, ya mwongozaji Mfaransa Gilles de Maistre, iliyopigwa Afrika Kusini. Badala ya kubadilisha wanyama kila walipokua, walimwacha simba akue na msichana akue, wakapiga picha kwa miaka mitatu. Mwigizaji, Daniah De Villiers, alizoeshwa na simba wake tangu simba akiwa mdogo, chini ya usimamizi wa Kevin Richardson, Mwafrika Kusini anayejulikana kwa kazi yake na simba. Simba alipokua, mtoto ndiye aliyeweza kutembea naye wazi, huku watu wa kamera wakipiga picha kutoka ndani ya vizimba. Ilivyokuwa kwenye bustani za wanyama imegeuzwa: simba nje, watu wazima ndani. Na msichana huyo asingeweza kubadilishwa katikati ya kazi, maana simba alimzoea yeye, si watoto wote wa dunia.

Kwa nini iliwezekana? Kwanza, simba ni mnyama wa jamaa. Huishi kwa makundi, husalimiana kwa kusuguana vichwa, hulala wamelaliana. Mnyama wa namna hiyo ana nafasi moyoni mwake ya kumwingiza mwenzake ambaye si mama yake. Chui anayeishi peke yake ni habari nyingine. Pili, kuna umri. Mtoto wa mnyama katika siku zake za mwanzo anajifunza nani ni wake, na atakayemkuta hapo ndiye atakayemfuata, awe na manyoya au suruali.

Sisi wa Pwani tulikuwa na mfano mkubwa kuliko filamu yoyote. Desemba 2004, wakati wa tsunami, mtoto wa kiboko alibaki peke yake baharini upande wa Malindi. Wavuvi na wakazi wakamwokoa, akaletwa Haller Park, akaitwa Owen. Alikuwa na umri wa takriban mwaka mmoja. Kufika tu, akakimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, ambaye umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130. Mtoto wa kiboko akiogopa hujificha nyuma ya mama, na mle ndani, kitu kikubwa, cha mviringo, cha kijivu, kisichomfukuza kwa haraka, kilikuwa ni Mzee. Mwanzoni kobe hakupendezwa, alikuwa akisogea pembeni. Baadaye wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanaingia majini pamoja, na dunia nzima ikaja kuwapiga picha.

Sehemu inayosimuliwa mara chache ni ya baadaye. Kiboko mzima huweza kuzidi kilo 1,300, na mchezo wake si mchezo kwa kobe. Owen alipokua alitenganishwa na Mzee na kuwekwa pamoja na kiboko jike, Cleo. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Utoto ulikwisha tu.

Ndiyo maana filamu hizi karibu zote huisha mnyama anapokaribia utu uzima. Simba dume wa porini hufukuzwa kwenye kundi lake akiwa na miaka miwili au mitatu hivi, na tangu hapo anapima nguvu na kila aliye mbele yake. Simba wa filamu akifika umri huo hajaacha kumtambua mtu wake. Ila mtoto akikimbia ghafla, akianguka, akilia kwa sauti nyembamba, kitu cha kale kuliko mazoea kinaamka. Mbwa tumemchagua kizazi baada ya kizazi kwa maelfu ya miaka hadi upole ukaingia kwenye damu. Simba aliyelelewa kwa chupa amezoea yeye, damu yake haijazoea.

Kenya inalijua hili kwa machungu. Filamu ya Born Free ya 1966, kuhusu Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson, ilipigwa humu nchini kwa kutumia simba kadhaa waliozoea watu. Mmoja aliitwa Boy, aliyelelewa na wanajeshi wa Uingereza. Baada ya filamu, George Adamson alijitahidi kumrudisha porini. Mwaka 1971, huko Kora, Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, na Adamson mwenyewe ndiye aliyempiga risasi simba wake.

Hata kumwachilia huru, ule mwisho unaotutoa machozi, si rahisi. Keiko, nyangumi muuaji aliyeigiza katika Free Willy ya 1993, aliachiliwa kweli mwaka 2002 kwenye maji ya Iceland. Akaogelea mpaka Norway, na huko akawatafuta watu; watoto walipanda mgongoni mwake. Alikufa Desemba 2003.

Siku hizi kompyuta imepunguza hatari nyingi. Katika The Jungle Book ya 2016, mtoto Neel Sethi aliigiza ndani ya studio mjini Los Angeles, na wanyama wote walichorwa baadaye. Wakati wa kupiga picha alikuwa akishika vikaragosi vya kushikwa mkono ili apate wa kumtazama na kumgusa. Kwa hiyo ukitaka kujua unachokiona, uache uso wa mnyama, utazame mkono wa mtoto. Je, vidole vinazama kwenye manyoya, na manyoya yanalala na kuinuka vinapopita? Je, mkono na kichwa cha simba viko kwenye picha moja isiyokatwa, au kila wakigusana picha inabadilika? Ikibadilika kila mara, mwambie yule mdogo chumbani kwamba simba hata harufu ya mtoto huyo pengine hajawahi kuinusa.