Nanochembe za oksijeni katika tiba-mwanga ya saratani

Tiba-mwanga huua saratani pale tu vitu vitatu vinapokutana: dawa inayoamshwa na mwanga, mwanga wenyewe, na oksijeni. Kwa saratani ya umio, mgonjwa hudungwa dawa ya aina hiyo iitwayo porfima sodiamu, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Baada ya saa 40 hadi 50, leza nyekundu ya nanomita 630 hufikishwa kwenye uvimbe kwa faiba, uzi mwembamba unaopitisha mwanga. Dawa hunyonya mwanga, huipa oksijeni nishati, na oksijeni hiyo iliyochachamaa ndiyo inayochoma seli.

Shida ni kwamba uvimbe hukua upesi kuliko mishipa yake ya damu, kwa hiyo seli zilizo mbali na mshipa hukosa oksijeni. Tiba nayo hula ile kidogo iliyopo, kisha huziba mishipa. Kuongeza nguvu ya leza hapo ni kama kutia makaa kwenye seredani iliyofunikwa.

Ndipo nanochembe, yaani chembe ndogo mno, zinapoingia ili kupeleka oksijeni uvimbeni. Zinazofanyiwa utafiti sana ni matone ya pafluorokaboni, mafuta yenye kaboni na florini, ya nanomita 100 hadi 200, yanayobeba dawa na oksijeni pamoja. Kwenye oksijeni safi, mililita 100 za mafuta haya huyeyusha takriban mililita 40 za gesi hiyo. Maji ya damu hayafikishi 3. Lakini kuyeyusha si kushika: nyingi huvuja njiani kabla ya kufika. Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, hushika vyema zaidi, ila ikitoka kwenye ganda la chembe iliyoibeba hudhuru figo na kubana mishipa. Chembe za manganizi dioksidi, kiwanja cha madini ya manganizi, hazibebi oksijeni. Huvunja hidrojeni peroksidi, kiwanja cha hidrojeni na oksijeni kilichomo uvimbeni, na kutoa oksijeni papo hapo, nayo peroksidi hiyo ni haba.

Na chembe nyingi huishia kwenye ini na wengu. Ndiyo maana kazi hii kwa sehemu kubwa bado iko kwa panya wa maabara. Njia rahisi zaidi ni kupunguza ukali wa leza, au kuiwasha na kuizima kwa vipindi ili damu irudishe oksijeni.

Oksijeni ya ziada haiondoi sharti la kukwepa jua. Kwa siku 30 au zaidi baada ya porfima, foleni ya feri ya Likoni, Mombasa, saa sita mchana inaweza kumbabua mgonjwa. Losheni ya jua haimkingi, kwa sababu dawa huamshwa na mwanga wa kawaida unaoonekana. Avae nguo nzito, glavu na kofia pana. Lakini asijifungie gizani: taa ya kawaida ya chumbani huimaliza dawa ngozini polepole.