Kuhesabu kwa kurudia: namna ya kupima jibu la kitabu linalotiliwa shaka

Kuhesabu kwa kurudia ni kosa la kukihesabu kitu kimoja zaidi ya mara moja, kwa sababu njia iliyotumika inakifikia kwa kupitia hatua mbalimbali. Majibu yaliyochapwa mwishoni mwa vitabu nayo hayakusalimika na kosa hilo.

Tuseme kuna wanawake 5 na wanaume 6, na swali linataka idadi ya kamati za watu 4 zenye wanawake wasiopungua 2. Kitabu kinajibu 360: wanawake 2 wa lazima huchaguliwa kwanza kwa njia 10, kisha nafasi 2 zilizobaki hujazwa na yeyote kati ya watu 9 waliosalia, kwa njia 36. Maelezo hayo yanasomeka vizuri mno, na ndiyo maana wengi huyapita bila kuyahoji.

Kipimo cha haraka ni kuondoa sharti. Kamati zote za watu 4 zinazoweza kutoka katika watu 11 ni 330 tu, na kwa kuwa sharti hupunguza kamati wala haliziongezi, 360 haiwezi kuwa sahihi. Kosa limetokana na kuwagawa wanawake katika makundi mawili, wa lazima na wa nyongeza, ilhali kamati yenyewe haina mgawanyo huo. Kamati ya Asha, Rehema, Neema na Juma imehesabiwa mara 3, kwa kuwa yeyote kati ya wanawake hao watatu anaweza kuwa ndiye wa nyongeza.

Kamati zenye wanawake 2 ni 150, nazo zimehesabiwa mara moja. Zenye wanawake 3 ni 60, zimehesabiwa mara 3. Zenye wanawake 4 ni 5, zimehesabiwa mara 6. Jumla ya 150, 180 na 30 ni 360 ileile ya kitabu, na kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko kupata tu jibu tofauti. Jibu sahihi ni 150 + 60 + 5, yaani 215. Ukianzia upande wa pili, ukatoa katika 330 kamati 15 zisizo na mwanamke na 100 zenye mwanamke mmoja, unafika palepale.

Kipimo hicho cha kuondoa sharti, hata hivyo, hakinasi kila kosa. Wanaume wangekuwa 10, njia ileile ingetoa 780, namba iliyo chini ya jumla ya 1,365, ingawa jibu sahihi ni 555. Hapo inafaa kulipunguza swali hadi kamati zote ziweze kuandikwa: kwa wanawake 3, mwanaume 1 na kamati ya watu 3, njia ya kitabu inatoa 6, ilhali kamati zilizopo ni 4.

Kabla ya kukilaumu kitabu, lisome swali upya. Ikiwa wanakamati hao 4 wanapewa vyeo vinne tofauti, kila moja ya kamati zile 215 huzaa mipangilio 24, na jibu la 5,160 litakuwa sahihi.